Somo la Homa kwa Tiba ya Moyo: Korogwe, Handeni na Akili Mnemba

Mjadala wa akili mnemba katika tiba ya moyo umetufikia kwa sura ya swali moja: je, mashine itachukua nafasi ya daktari? Swali hilo lina uzito London au Boston, ambako daktari yupo na anaweza kuhofia nafasi yake. Kwa mkazi wa Kwamsisi wilayani Handeni, au wa Bungu kule milimani Korogwe, halina uzito huo. Daktari bingwa wa moyo hajawahi kukaa katika zahanati ya kijiji chake. Anayemsikiliza, anayemgusa na anayemwandikia dawa ni tabibu, tabibu msaidizi au muuguzi.

Ndiyo maana napendekeza tuache utabiri kwa muda, turejee kwenye historia. Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga, pamoja na jirani zao, zimekwisha kupitia jambo linalofanana sana na hili tunalolingoja. Chombo kipya, chenye uwezo wa kuona kisichoonwa na jicho, kiliwekwa juu ya meza ya mhudumu wa afya. Chombo hicho hakikuhusu moyo, bali homa. Hoja yangu ni kwamba kilichotokea kwenye homa kinatuonyesha mahali ambapo mashine ya moyo itafanikiwa na mahali ambapo itashindwa, na kwamba katika hali zote mbili mwamuzi ni mhudumu pamoja na mfumo uliomzunguka.

Waya na reli

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1905 mwanasayansi Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, alirekodi umeme wa moyo wa mgonjwa aliyelala hospitalini, umbali wa karibu kilomita moja na nusu kutoka maabara yake. Mawimbi ya moyo yalisafiri kwa waya wa simu. Kazi yake juu ya kipimo hicho, ambacho wahudumu wengi leo hukiita ECG, ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Mwaka huohuo wa 1905, reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, ilifika Mombo.

Matukio hayo mawili hayakujuana, lakini yanafundisha jambo moja. Reli ilipanda bonde la Pangani haraka kwa sababu ilikuwa na mwenye faida nayo: mashamba ya walowezi, na baadaye hasa mkonge. Kipimo cha Einthoven hakikuwa na mtu wa kukiharakisha kuja kwa vibarua wa mkonge. Teknolojia hufuata njia zilizochimbwa na fedha na madaraka, na anayepuuza jambo hilo hushangaa baadaye kuona mashine imefika makao makuu ya mkoa na kuishia hapo.

Wala mashine kusoma moyo si jambo la juzi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa Marekani walikuwa wakiifundisha kompyuta kusoma ECG, na mashine nyingi za leo huchapa tafsiri yao wenyewe juu ya karatasi. Jipya ni kwamba kompyuta sasa inaona kile ambacho hata bingwa haoni. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic walichapisha matokeo ya algoriti iliyofunzwa kwa kumbukumbu za wagonjwa karibu 45,000. Kwa kutazama ECG peke yake, iliweza kutambua moyo unaosukuma damu kwa udhaifu, jambo ambalo kwa kawaida huhitaji kipimo cha eko. Hapo ndipo matumaini ya leo yalipoanzia. Kama ECG ya bei nafuu inaweza kufanya sehemu ya kazi ya eko ya bei ghali, basi huenda hata zahanati ikapata jicho la bingwa.

Algoriti ya karatasi

Kabla ya kuipokea mashine hiyo, tujiulize tunampa nani. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwafundisha vijana wa Kiafrika kufunga vidonda na kugawa dawa chache katika zahanati za mamlaka za wenyeji. Wakati wa uhuru, kama Mwalimu Nyerere alivyozoea kukumbusha, nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Taifa halikuweza kuwangoja madaktari wa kutosha wasome. Kuanzia mwaka 1963 lilifundisha madaktari wasaidizi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, hasa katika miaka ya 1970, likapeleka vijijini matabibu na waganga wasaidizi pamoja na zahanati na vituo vya afya walivyovifanyia kazi.

Watu hao walifanya kazi kwa mwongozo: ukiona dalili hii, uliza hili, ukipata jibu hili, toa dawa hii, ikishindikana, mpeleke mgonjwa hospitali ya wilaya. Mwongozo wa namna hiyo ni algoriti iliyoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo mhudumu wetu ameishi na algoriti kwa vizazi kadhaa, na amejifunza ujuzi ambao hakuna kitabu kilichouandika: wa kutambua ni lini mwongozo unamfaa mgonjwa aliye mbele yake na ni lini haumfai.

Miaka ya homa

Kwa miongo mingi mwongozo ulisema kwamba homa, hasa ya mtoto mdogo katika maeneo yenye malaria nyingi, itibiwe kama malaria. Haukuwa ujinga. Malaria iliua haraka, hadubini zilikuwa chache, na klorokwini ilikuwa rahisi na salama kiasi. Lakini tabia iliyozaliwa na mwongozo huo iliendelea hata mazingira yalipobadilika.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa kama wenye malaria kali walipimwa upya kwa uangalifu. Waliokutwa na vimelea walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Waliokuwa na vimelea walifariki kwa asilimia 6.9, na wasiokuwa navyo kwa asilimia 12.1. Maana yake ni kwamba jina la malaria lilikuwa limefunika magonjwa mengine, na waliofunikwa walikufa zaidi.

Wakati huohuo malaria yenyewe ilikuwa ikipungua. Katika vijiji vya tambarare vilivyofuatiliwa na watafiti wilayani Korogwe, kiwango cha waliokutwa na vimelea kilishuka kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi asilimia 13.0 mwaka 2008. Katika vijiji vya milimani kilishuka kutoka asilimia 24.7 hadi 3.1. Tabibu aliyejifunza kazi wakati wa asilimia 78 alikuwa sasa akiwahudumia watu wa asilimia 13.

Ndipo kikaja kitendanishi, kile kipimo cha haraka kinachohitaji tone la damu na dakika chache. Wengi walidhani tatizo limekwisha. Jaribio lililofanyika katika kliniki za wagonjwa wa nje za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2007, lilionyesha vinginevyo. Kati ya wagonjwa ambao kitendanishi kilisema hawana malaria, zaidi kidogo ya nusu waliandikiwa dawa za malaria. Kiwango hicho kilikuwa karibu sawa na kile cha waliopimwa kwa hadubini. Kipimo kilikuwa chema, lakini uamuzi haukubadilika.

Sababu yake ndiyo kiini cha makala hii. Mhudumu aliyepata jibu la «hana malaria» alibaki mikono mitupu. Mbele yake alikuwa mama mwenye mtoto anayechemka, ambaye huenda ametembea saa mbili. Kipimo kilimwambia ugonjwa usiokuwapo, hakikumwambia uliopo. Hakuwa na maabara ya kutafuta kingine, wala maneno ya kumweleza mama kwa nini anarudi bila dawa aliyoizoea. Zaidi ya hayo, alijua kwamba mtoto akifariki usiku, atakayeulizwa ni yeye, kwa kuwa kitendanishi hakiitwi mbele ya kikao. Kuandika dawa kulikuwa njia ya kujilinda na kumfariji mgonjwa kwa pamoja.

Kilichobadilisha hali baadaye hakikuwa kitendanishi bora zaidi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo na kutaka kila mwenye dalili za malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Katika wilaya ya Muheza, jirani wa Korogwe, na Moshi Vijijini, watafiti walijaribu mafunzo ya vikundi vidogo, mrejesho kwa ujumbe mfupi wa simu, na maelezo kwa wagonjwa wenyewe. Dawa zisizohitajika zikapungua. Katika mikoa ya Morogoro na Mbeya, mwongozo wa kidijitali uliomwongoza mhudumu hatua kwa hatua katika kumchunguza mtoto mgonjwa ulishusha utoaji wa viuavijasumu hadi asilimia 23.2, huku vituo vilivyoendelea na utaratibu wa kawaida vikibaki kwenye asilimia 70.1, matokeo hayo yalichapishwa katika miaka ya hivi karibuni. Katika mifano yote hii mhudumu alipewa hatua inayofuata, pamoja na mtu wa kuzungumza naye kuhusu kazi yake.

Kutoka homa hadi moyo

Sasa tuuangalie moyo kwa macho hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliofanyika Ilala jijini Dar es Salaam na Shari wilayani Hai, uliwafuatilia watu wenye shinikizo la juu la damu. Chini kidogo ya mmoja kati ya watano walijua kuwa wanalo. Karibu mmoja kati ya 10 alikuwa kwenye matibabu. Wale ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika asilimia moja. Tafadhali msomaji, zisome namba hizo kama ngazi. Wengi wanapotea kwenye ngazi ya kwanza, ya kugunduliwa, na hapo mashine inaweza kusaidia. Lakini hata waliokwisha kugunduliwa walipotea kwenye ngazi ya pili na ya tatu, ambako kinachohitajika ni vidonge visivyokatika, nauli ya kurudi kliniki, na mhudumu anayemkumbuka mgonjwa. Hakuna algoriti ya ECG inayofika huko.

Mfano wa pili ni wa Moshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 kutoka idara ya dharura ya hospitali ya rufaa uliwachunguza wagonjwa 681 waliofika na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Waliokuwa na shambulio la moyo walikuwa 152, wengi wao bila kutambuliwa kuwa nalo, na ndani ya siku 30 zaidi ya wanne kati ya kila 10 walikuwa wamefariki. Tulizoea kufundishana kwamba shambulio la moyo ni ugonjwa wa matajiri wa ng'ambo. Ni kosa lilelile la miaka ya homa, ila limegeuzwa: kule tuliona malaria isiyokuwapo, hapa hatuoni ugonjwa wa moyo uliopo.

Je, akili mnemba inasaidia? Ushahidi upo, tena wa Afrika. Nchini Nigeria, wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni 1,232 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipimwa kwa stetoskopu ya kidijitali yenye akili mnemba, jingine likapata huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba udhaifu wa moyo uligunduliwa kwa asilimia 4.1 katika kundi la kwanza na asilimia 2.0 katika la pili. Kwa mwanamke anayeambiwa kuwa kuchoka na kuvimba miguu ni mambo ya kawaida ya uzazi, tofauti hiyo ni maisha. Lakini kazi hiyo ilifanyika katika hospitali zenye eko ya kuthibitisha na daktari wa kuendeleza tiba. Hatua inayofuata ilikuwapo.

London nako kuna somo. Stetoskopu za aina hiyo ziligawiwa kwenye kliniki za madaktari wa familia, na matokeo yalitolewa mwaka 2025. Zilipotumika, ziligundua wagonjwa zaidi. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya kliniki zilikuwa zimeacha kuzitumia au zinazitumia kwa nadra, kwa kuwa ziliongeza kazi juu ya kazi. Ikiwa London imechoka, tusitarajie muujiza katika zahanati yenye wahudumu wawili na foleni ya kliniki ya watoto.

Nairobi inatoa picha ya tatu. Mwaka 2025 Penda Health, ikishirikiana na OpenAI, ilitoa matokeo ya ziara za wagonjwa karibu 40,000 katika kliniki 15. Chombo cha akili mnemba kilisoma alichoandika tabibu na kumwonya pale kilipoona hatari. Makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13. Tukumbuke kwamba mtengenezaji alishiriki kwenye tathmini ya bidhaa yake, hivyo tunahitaji tathmini huru. Hata hivyo waandishi wenyewe wanakiri kwamba mwanzoni maonyo mengi yalipuuzwa, na yalianza kufuatwa pale matabibu walipopewa wenzao wa kuwaelekeza na kuzungumza nao. Ni Muheza tena.

Kazi ya tabibu

Hapa watu wengine husema: basi tabibu abaki kama msimamizi wa mashine. Nakataa, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni lugha. Kwa Kiswahili chetu moyo una maana nyingi. Mtu akisema «moyo unaniuma» huweza kumaanisha kifua, kiungulia au msiba. Mzee wa Handeni anayewaza kwa Kizigua, au bibi wa Vugiri anayezungumza Kisambaa, atalieleza jambo hilo kwa maneno ambayo mashine haikufunzwa. Anayejua kuuliza «unauma ukipanda mlima, au hata ukikaa?» ndiye anayeamua kama kipimo kifanyike kabisa. Mashine hujibu baada ya mtu kuchagua nani wa kupimwa.

Ya pili ni asili ya elimu ya mashine. Baadhi ya alama za ECG ambazo kwa Mzungu huashiria ugonjwa huonekana mara nyingi zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika walio wazima. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikosa upungufu mkubwa wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe, na kipimo hicho kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa. Algoriti iliyofunzwa kwa mioyo ya Minnesota haina budi kupimwa kwa mioyo ya Tanga kabla ya kuaminiwa. Korogwe ina uwezo wa kushiriki kazi hiyo. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo pale kilishiriki katika majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014.

Ya tatu ni ujuzi wenyewe. Mwaka 2025 utafiti wa Poland ulionyesha kwamba madaktari wa uchunguzi wa utumbo mpana, baada ya kuzoea akili mnemba, waligundua uvimbe wa awali kwa asilimia 22.4 walipofanya kazi bila mashine, wakati kabla ya kuizoea waligundua kwa asilimia 28.4. Hao ni mabingwa wenye umeme wa uhakika. Kwetu, siku intaneti itakapokatika au betri itakapokufa, mgonjwa atahitaji sikio la tabibu. Sikio lisilotumika husahau.

Tudai nini?

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, imepunguza sana safari za wagonjwa wetu kwenda India. Iko Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Handeni. Akili mnemba inaweza kuufupisha umbali huo, kwa sharti kwamba maswali haya yajibiwe kabla ya mkataba kusainiwa.

Kwenu watumishi wa umma: mashine ikisema moyo wa mama huyu wa Mkata ni dhaifu, anakwenda wapi, kwa gari gani, kwa fedha ya nani, na nani anasoma eko akifika? Jibu la maandishi likikosekana, mmenunua kitendanishi kingine cha mwaka 2007. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ipimwe kwa swali hilohilo.

Kwenu wanaharakati: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwananchi haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo pekee. Ulizeni ni nani amemweleza mgonjwa haki hiyo kwa lugha yake. Ulizeni pia kama tabibu aliyekataa ushauri wa mashine, na tabibu aliyeufuata, watalindwa vipi mambo yakiharibika. Mhudumu anayebeba lawama peke yake atafanya walichofanya wenzake wa miaka ya homa: atajilinda kwanza.

Kwenu wanafunzi, hasa wa udaktari na utabibu: jifunzeni mashine, na endeleeni kusikiliza mapigo ya moyo kwa masikio yenu. Someni pia historia ya zahanati za nchi hii. Wale 2,412 ambao hadubini haikuona vimelea kwenye damu yao walikuwa tayari wamelazwa hospitalini, mbele ya watu waliosomea kazi. Waliokufa kati yao hawakukosa kipimo tu. Walikosa mtu mwenye nafasi, ujasiri na njia ya kuuliza swali la pili.